Mzee Herufi Achagua Kompyuta

Karakana ya Mzee Herufi ilikuwa chumba kimoja kirefu mbele ya nyumba yake. Mlango wake mpana ulitazama barabarani. Asubuhi ungemsikia kwanza mkewe, kwa sababu mbao zilikuwa kazi yake. Alizikata, akazipiga randa, akazisugua kwa msasa mpaka zikawa laini kama shavu la mtoto mchanga. Kisha alizipaka rangi nyeupe na kuziegemeza ukutani zikauke. Hapo ndipo mumewe aliposhika brashi.

Jina lake halisi walilijua wachache. Mtaa mzima ulimwita Mzee Herufi, kwa sababu alikuwa ameandika mabango kwa miaka thelathini na mbili. Duka la dawa, kinyozi, fundi saa, shule ya msingi, wote walitangazwa kwa mkono wake. Herufi zake zilijulikana. R yake ilikuwa na mguu mrefu uliotupwa mbele, kama mtu anayeshuka ngazi bila haraka. Watu wakiona bango jipya walisema, "Hili ni la Mzee." Hakuwa akiweka sahihi.

Mkewe alipenda kumtania. "Mimi ndiye ninayefanya kazi hapa. Wewe unakuja tu kuchafua mbao zangu."

"Nisipozichafua, nani atazinunua?" mzee alimjibu.

Waliishi hivyo, kwa utani na vumbi la mbao, mpaka mkono wa kulia wa mzee ulipoanza kutetemeka.

Kwanza ulitetemeka akishika kikombe. Akasema ni baridi. Kisha ukatetemeka akishika brashi. Akasema ni uchovu. Siku moja aliandika bango la duka la viatu, na herufi ya mwisho ikaenda upande kama mlevi. Mkewe aliuchukua ubao, akausugua upya. Kesho yake ikawa vilevile, akausugua tena. Mara ya tatu aliuweka msasa chini.

"Baba watoto, tusidanganyane," alisema. "Twende hospitali."

Daktari aliwapokea vizuri. Alimpima mzee, akamwambia akunje na kukunjua vidole, akamwambia atembee. Mwishowe alisema kuwa ni ugonjwa wa neva.

"Dawa zitapunguza kutetemeka," daktari alisema. "Hazitauondoa ugonjwa kabisa. Lakini mzee, usikae bure. Fanya kazi, ila tafuta namna inayokufaa."

Mzee Herufi alirudi nyumbani na dawa zake mfukoni. Namna inayokufaa. Kwake yeye kulikuwa na namna moja tu, nayo ilihitaji mkono uliotulia.

Wiki hiyohiyo alikuja mgeni. Alikuwa msimamizi wa kituo kipya cha afya kilichokuwa kikijengwa karibu na soko. Alitaka vibao vya milango thelathini na sita: chumba cha daktari, maabara, dawa, chanjo, wajawazito, na vingine. Alitaka vyote kwa muda wa wiki tano.

"Nimeona bango lako pale shuleni," alisema msimamizi. "Nataka herufi kama zile. Mtu asome akiwa mbali, hata kama ndio kwanza anajifunza kusoma."

Mzee Herufi alisema ndiyo kabla hajafikiri. Mgeni alipoondoka, mzee aliketi juu ya kigoda, mkono wa kulia umefichwa mfukoni. Mkewe alimtazama. Hakumlaumu, ila utani wote ulikuwa umemwisha.

Binti yao ndiye aliyeleta wazo jioni ile. Alifanya kazi kwa daktari wa meno, mapokezini, na alizoea kompyuta.

"Baba, chora herufi zako kwenye kompyuta," alisema. "Utazichora mara moja tu, nayo itazitunza. Kisha tunapeleka kazi kwa wale wenye mashine ya kukata stika. Mashine inakata herufi, na mama anazibandika kwenye mbao zake."

"Herufi za mashine zimekaa kama askari kwenye gwaride," mzee alisema. "Hazina uhai."

"Hizo ni herufi za watu wengine. Mimi nasema zako."

Mzee alinyamaza. Hakukubali, lakini hakukataa. Wale wawili walimjua. Kwake, kunyamaza kulikuwa nusu ya ndiyo.

Jumamosi walikwenda wote watatu kwenye duka la kompyuta. Binti alikwisha kuchagua moyoni. Aliwapeleka moja kwa moja mbele ya kompyuta ya kipande kimoja, yaani ile ambayo mashine yote imefichwa nyuma ya kioo chake. Ilikuwa nyeupe, nyembamba, na ilisimama juu ya mguu mmoja wa chuma. Waya wake ulikuwa mmoja tu.

"Hii ndiyo tuliyo nayo kazini," alisema binti. "Tangu nianze kazi haijanisumbua hata siku moja. Itaifanya karakana yako ionekane kama ofisi, Baba."

Mzee aliipenda papo hapo. Alikuwa mtu wa macho, na kitu kizuri kilimshika. Aliinama akatazama rangi zake, jinsi nyekundu ilivyokuwa nyekundu kweli. Muuzaji alikuwa kijana mwenye adabu. Alieleza yote aliyoulizwa. Ila hakuuliza itakwenda kukaa wapi, na wao hawakumwambia.

Pembeni kulikuwa na kikasha cheusi, kikubwa kidogo kuliko kitabu kinene.

"Na hiki je?" mke wa mzee aliuliza.

"Hiyo pia ni kompyuta, mama. Ndogo ya mezani. Hiyo unainunulia kioo chake, kibodi yake na mausi yake."

"Imekaa kama redio iliyosahaulika," alisema mzee. Binti akacheka.

Mzee alikuwa tayari kulipa. Mkewe alimvuta shati taratibu. "Tusinunue leo," alisema. "Tumuulize kwanza Bisibisi."

Bisibisi alikuwa jirani yao wa mtaa wa pili, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, fundi wa kompyuta. Watu walimpa jina hilo kwa sababu hakuwahi kuonekana bila bisibisi, ama mkononi, ama mfukoni, ama ameichomeka kwenye nywele. Alikuja Jumapili mchana.

"Shikamoo mzee. Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu ndani."

Mzee alifikiri fundi huyo ataanza kuzungumza habari za kompyuta. Hakuanza. Aliomba kuonyeshwa kazi. Alishika ubao, akaupitishia kidole, akauliza mama anatumia msasa namba ngapi. Alisimama mbele ya bango la zamani akaitazama R kwa muda mrefu. Kisha alipitisha kidole kwenye fremu ya dirisha, akakigeuza. Kilikuwa cheupe kwa vumbi la mbao.

"Mama anasugua mbao kila siku?" aliuliza.

"Kila siku isipokuwa leo," mama alisema. "Na leo ni kwa sababu yako."

"Kompyuta itakaa humuhumu?"

"Hatuna chumba kingine," alisema mzee.

"Nani ataitumia?"

"Mimi."

"Naomba nione mkono, mzee."

Hakuna aliyekuwa amemwomba hivyo isipokuwa daktari. Mzee aliutoa mkono mfukoni. Ulitetemeka hewani, mbele ya wote. Bisibisi aliutazama vilevile alivyoutazama ubao, kama kitu cha kazi, bila huruma ya bure. Mzee aliona fahari kidogo, hata yeye mwenyewe hakujua kwa nini.

"Sawa," alisema Bisibisi. "Njooni kwangu, niwaonyeshe vitu viwili."

Duka lake lilikuwa dogo na safi. Juu ya meza kulikuwa na kompyuta ya kipande kimoja iliyofunguliwa mgongo. Binti alisogea karibu, kwa maana ilifanana na ile ya kazini kwake.

"Hii ni ya mteja," alisema Bisibisi. "Mashine yenyewe ni nzima. Inafikiri vizuri, kazi zake zote zimo. Kilichokufa ni kioo. Lakini kioo na mashine ni mwili mmoja, kwa hiyo yote imelala. Kuufungua huu mgongo kumenichukua asubuhi nzima. Kuna skrubu, kuna gundi, kuna vishikio vyembamba vinavyovunjika ukivitazama vibaya. Na kioo chake mpaka kiagizwe."

"Basi ni mbovu?" mzee aliuliza.

"Hapana, mzee. Ni nzuri sana mahali pake." Alimgeukia binti. "Kazini kwenu kuna vumbi?"

"Hakuna. Wanapiga deki mara tatu kwa siku."

"Meza ina nafasi?"

"Ndogo. Na wagonjwa wanaona kila kitu kilicho juu yake."

"Umeona? Pale imekaa mahali pake. Haichukui nafasi, haina nyaya za kuwatisha wageni, na mnaitumia kwa kuandika majina na tarehe. Ningekuwa mimi, pale ningenunua hiyohiyo. Lakini hapa kwa mzee ni karakana."

Binti alikuwa amejiandaa kutetea chaguo lake. Sasa aliona kuwa hakuna aliyelishambulia.

Bisibisi alichukua kikasha cheusi, kilichofanana na kile cha dukani. Alizungusha skrubu moja, akavuta kifuniko. Kikasha kilifunguka kama sanduku la chakula. Ndani palionekana feni ndogo na vipande vilivyopangwa vizuri.

"Vumbi likiingia hapa, mama mwenyewe anaweza kulitoa," alisema. "Mara moja kwa mwezi. Unazima, unachomoa waya wa umeme, unafungua, unapitisha brashi laini, unafunga. Kumbukumbu ikiwa ndogo kwa kazi, unaongeza kipande hapa. Kioo kikifa, unabadilisha kioo. Kikasha kikifa, kioo kinabaki. Lakini msinunue kwa macho. Vikasha vingine navyo vimefungwa, havipanuliki. Mwambieni muuzaji awafungulie kifuniko mkiona. Mwulizeni dhamana ni ya muda gani na nani anatengeneza. Hesabuni na kioo, kibodi na mausi, maana havimo ndani ya bei ya kikasha."

"Na nyaya?" binti aliuliza. "Zitajaa meza nzima."

"Kikasha tunakifunga kwa skrubu mgongoni mwa kioo. Kioo tunakitundika ukutani kwa mkono wa chuma, juu ya vumbi. Mzee atakivuta karibu na macho yake, atakipandisha, atakishusha. Zile za kipande kimoja, nyingi zina mguu mmoja tu, na urefu ni ule uliopewa."

Mama alitikisa kichwa polepole kwa kukubali. Alikuwa mtu wa mbao. Alielewa vizuri kitu kinachofunguka na kitu kilichogandishwa kwa gundi.

Mzee alimtazama Bisibisi. "Mwanangu, yote hayo nimeyasikia," alisema. "Lakini kompyuta ya aina yoyote, huu mkono utachora nini?"

Bisibisi alimvutia kiti. Aliwasha kikasha, akafungua programu ya kuchora. Aliupunguza mwendo wa mausi ili mkono ukienda shubiri moja, mshale uende kidole kimoja. Aliukuza mshale uonekane. Kisha akahamishia mausi upande wa kushoto.

"Mkono wa kushoto hautetemeki?"

"Kidogo sana. Lakini haujawahi kuandika hata nukta."

"Nukta ndiyo ninayoitaka. Weka nukta moja pale juu. Pumzika. Usiburute. Sasa weka nyingine pale inapokunja. Pumzika tena. Ya tatu, weka pale mguu unapoanza."

Mzee aliweka nukta. Alipumzika. Aliweka nyingine. Kati ya nukta na nukta kompyuta ilipitisha mstari, nao ulikuwa laini. Hapakuwa na mtetemo ndani yake. Aliusogeza mkunjo kidogo, akaurudisha, akausogeza tena. Nukta moja ilikimbia. Bisibisi alimwonyesha jinsi ya kuirudisha.

Kisha R ikasimama kwenye kioo. Mguu wake ulikuwa umetupwa mbele, ukishuka ngazi bila haraka.

Mke wa mzee aliitambua kabla haijakamilika. Alivuta upindo wa kitenge chake akajifuta macho. "Vumbi," alisema, ingawa duka la Bisibisi halikuwa na vumbi.

Mzee Herufi alimgeukia fundi. Alikuwa amekutana na mafundi wengi maishani, wenye maneno na wasio na maneno. Hakuwahi kuona anayeuliza maswali mengi hivyo kabla ya kugusa chochote.

"Wewe ni fundi kweli," alisema. Kwake yeye hapakuwa na sifa kubwa kuliko hiyo.

Jumatatu walinunua kikasha, kioo kipana, na kisanduku cha betri cha kushikilia kompyuta umeme ukikatika, ili mtu apate muda wa kuhifadhi kazi na kuzima. Yule muuzaji aliwafungulia kifuniko bila kinyongo. Hata yeye aliinama kutazama. Alisema hakuna mteja aliyewahi kumwomba jambo hilo, na kwamba kuanzia leo atawaonyesha wote. Bisibisi alitundika kioo ukutani. Mama alitengeneza rafu ya kibodi, pamoja na kifuniko chepesi cha mbao cha kuifunika wakati wa kusugua.

Wiki ya kwanza ilikuwa ngumu. Mzee alimaliza siku nzima kwenye herufi mbili. Alikasirika, akatoka nje, akarudi. Binti alipotoka kazini alimkuta bado ameketi.

"Baba, kula kwanza."

"Ngoja hii G ikae. Inanibishia."

Wiki ya pili alichora herufi nne kwa siku. Wiki ya tatu abjadi yote ilikuwa imekamilika, na kila siku kabla ya kuzima alihifadhi kazi mara mbili, ndani ya kompyuta na kwenye flashi, kama Bisibisi alivyomfundisha. Sasa aliweza kupanga neno lolote kwa herufi zake mwenyewe. MAABARA ilimchukua muda wa kunywa chai. Kutoka kwa mkata stika herufi zilirudi safi, na mama akazibandika kwa mikono yake iliyozoea usawa wa mbao.

Zikiwa zimebaki siku nne kukabidhi, mama alibeba ubao mrefu. Aligeuka, na ncha ya ubao ikapiga kioo cha kompyuta. Ufa ulikwenda kutoka kona hadi kona. Picha ikazimika.

Mama alisimama ameushika ubao ule kama aliyesahau jinsi ya kuweka kitu chini. "Nimekuharibia," alisema. "Kazi yako yote nimeiharibu."

Mzee aliunyakua ubao akauegemeza ukutani. Vibao kumi na moja vilikuwa bado. Lakini alitazama nyuma ya kioo na kuona taa ndogo ya kikasha inawaka kijani. Akakumbuka mashine iliyolala mezani kwa Bisibisi, nzima ila kipofu.

"Hukuharibu kazi," alimwambia mkewe. "Umevunja kioo. Kazi imo humu."

Bisibisi alifika na kioo cha zamani chini ya kwapa, kidogo, chenye mikwaruzo. Alichomoa waya mmoja, akachomeka mwingine. Vibao vyote vilijitokeza kama vilivyoachwa. Kabla chai haijapoa, mzee alikuwa amerudi kazini.

"Tumia hiki mpaka mnunue kingine," alisema Bisibisi. "Ingekuwa ile nyeupe, sasa hivi ningekuwa natafuta bisibisi ya tatu."

"Na mimi ningekuwa natafuta mume wa pili," mama alisema, na kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi mzee alicheka mpaka akashika mbavu.

Vibao vilikabidhiwa siku iliyopangwa. Kituo kilipofunguliwa, msimamizi aliwaalika mzee na mkewe wapite wakaone. Walitembea taratibu kwenye korido ndefu iliyonukia rangi mpya. Mlango baada ya mlango, herufi nyeusi zilisimama juu ya mbao nyeupe. Msimamizi aliwaambia kuwa kituo cha pili kinajengwa, na kwamba nacho kitahitaji vibao.

Mwisho wa korido alitokea mwanamke mwenye mtoto mgongoni. Mkononi alikuwa na kadi ya kliniki. Alikiangalia kibao cha kwanza, akapita. Alikiangalia cha pili. Mbele ya cha tatu alisimama, midomo yake ikacheza.

"Cha," alisema polepole. "Chan. Chan-jo."

Alirudia neno zima, sasa kwa sauti. "Chanjo."

Akageuka, akamkuta mzee amesimama njiani. "Samahani, mzee," alisema. "Hapa ndipo chanjo, nimesoma sawa?"

"Umesoma sawa kabisa, mwanangu," alisema Mzee Herufi. Akamfungulia mlango kwa mkono wake wa kulia.